UZI: Vitu vidogo ulivyoviona njiani Arusha–Moshi ambavyo mpaka leo havijakutoka kichwani, tuviandike hapa

#1 Mama Masweta (mleta uzi)

Wakuu habari za Jumapili. Mi ni mama wa biashara, nachukua masweta ya mtumba Kiboriloni nauza Arusha, kwa hiyo mara mbili kwa wiki nipo barabarani, alfajiri natoka Stendi Kuu na jioni narudi na salfeti zangu. Ni kama kilomita 80 tu kwenda lakini kwa miaka tisa ukizijumlisha ni njia ndefu sana.

Sasa mwaka juzi mdogo wangu wa kike aliyeolewa Songea akanipigia simu tukaongea weee mpaka mwisho akaniuliza, dada hiyo njia unayopita kila siku ikoje, mi sijawahi kufika huko, hebu nisimulie. Jamani nilikaa kimya. Nikamwambia kuna mlima, kuna migomba, kuna matuta mengi, basi nikaishiwa. Miaka saba nilikuwa nimeshapita pale na sina hata kitu kimoja cha kumpa mdogo wangu, kitu kilichotoka kwenye macho yangu mwenyewe, maana mlima hata kwenye kopo la kahawa upo ameshauona. Iliniuma sana siku ile, sikulala vizuri.

Kesho yake nikachukua kaunta buku langu la mauzo, mbele naandikaga hesabu, nikaligeuza nikaanza kuandika kwa nyuma. Kitu kimoja kila safari, na nakiandika usiku huohuo kabla sijalala kwa sababu nimeshaona kikilala kinakuwa kimepungua, asubuhi unakumbuka kulikuwa na mtoto ila hukumbuki alikuwa ameshika nini. Na siandiki safari ilikuwa nzuri, naandika alichoshika mtoto. Jumamosi usiku nampigia namsomea. Hesabu za mbele na mambo ya nyuma siku hizi yamekaribia kukutana katikati, ndo nimeona nifungue huu uzi kabla sijanunua daftari lingine, nami nisikie ya wenzangu.

Naanza na ya mtoto wa Usa River. Alipanda na mama yake, miaka sita hivi, kavaa sweta la kufuma kwa mkono, la kijani, mkono wa kushoto ulishakatika ukafumwa upya kwa uzi wa kijani mwingine uliokoza zaidi, mi masweta ndo macho yangu yanaanzia hapo. Wakakaa siti ya pembeni yangu. Tumetembea kidogo nasikia piyo piyo kutoka kifuani kwa mtoto. Mama yake akaniona nimegeuka akaniambia kwa upole, dada ni kifaranga, nilitaka kukiweka kwenye boksi pamoja na wenzake huko nyuma akakataa, anasema huyu ni mdogo ataogopa giza. Basi kila gari likisimama yule mtoto anavuta kola ya sweta kwa vidole viwili, anainamisha kichwa anamwambia kifaranga, hapa Maji ya Chai. Anafunga. Gari linaondoka, linasimama, anafungua, hapa Kikatiti. Anafunga. Hivyohivyo mpaka Bomang'ombe na hakuruka kituo hata kimoja, na pale asipopajua alimuuliza mama yake kwanza ndo akamwambia kifaranga. Nilivyomsomea mdogo wangu alinyamaza kidogo afu akasema, dada rudia vile vituo.

Ya pili ni ya babu. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ile ya Arusha ya kuingia kwenye mifupa, Costa imefungwa vioo vyote na watu wanapumua humo ndani mpaka vioo vimekuwa vyeupe huoni nje. Mi nilikaa upande wa kushoto, na kwa wageni mkitoka Arusha kwenda Moshi kaeni kushoto, mkirudi kaeni kulia, halafu iwe mapema, maana ikishafika saa nne hivi mlima unajivuta mawingu na umeukosa mpaka jioni. Babu akakaa dirishani mbele yangu, kofia ya pama, koti kubwa. Tulipovuka njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA pale kunapofunguka, akachukua mkono wa koti akafuta kioo, akafuta duara tu kama sahani, na ndani ya duara mlima wote ukakaa, Kibo nzima, kile kilele cha Kilimanjaro, imetakata. Akatazama. Kisha akachukua kidole cha shahada akachora mstari kwenye ukungu uliobaki, chini kabisa ya lile duara, akageuka akaniambia, mwanangu nilipokuwa naanza shule weupe ulikuwa unashuka mpaka hapa. Nikamwambia babu hapo si mbali sana? Akasema sio mbali, mi niliuona. Hakusema tena neno. Akashuka Bomang'ombe.

Ule mstari ukabaki kwenye kioo. Nikahamia siti yake nikawa nautazama. Jua likaanza kupiga upande ule, ukungu ukaanza kukauka kuanzia juu, mstari ukawa unaondoka taratibu, tulipofika Weruweru kioo kilikuwa kikavu kabisa na mlima umeshafunikwa. Ile niliandika kwenye gari hapohapo, nyuma ya risiti, sikungoja usiku.

Karibuni wadau. Hata kitu kidogo cha mstari mmoja.

#2 Kihamba

Mama Masweta umenigusa mkuu. Kuhusu babu yako, hakukosea kusema weupe umepungua. Watafiti walilinganisha ramani ya barafu ya Kibo ya mwaka 1912 na hali ya miaka ya karibuni wakakuta zaidi ya asilimia 80 ya barafu ile imeondoka. Sasa kuna theluji ya mvua inayoanguka usiku na kuyeyuka mchana, na kuna barafu yenyewe ya siku zote, wazee wetu wengi wakisema weupe wanajumlisha vyote viwili, kwa hiyo asubuhi moja ya baridi ya utotoni mwake huenda kweli aliuona mpaka pale alipochora.

Mi yangu ni ya kwenye haisi ya Moshi kwenda Mwika. Alipanda mzee mmoja ana kama miaka sabini, suti nyeusi ya zamani iliyopigwa pasi mpaka mstari wa suruali unakata, viatu vimeng'arishwa, na mkononi kashika jani la sale limefungwa fundo, kalilaza juu ya kitambaa cheupe kwenye kiganja. Wakuu ile gari ilikuwa na kelele, watu wanapiga stori, konda anapigizana na mama wa ndizi, lakini lilivyoonekana lile jani gari zima lilishusha sauti. Hakuna aliyeambiwa. Kijana wa siti ya mbele akatoka mwenyewe akampisha, konda akamshika mzee kiwiko akamkalisha. Njia nzima hakuna aliyemuuliza unaenda wapi. Mkono haukuteremka, gari likiingia kwenye shimo anaunyanyua ili lisitikisike.

Alishuka kabla ya Mwika kwenye njia inayoingia migombani, akasimama, akavuta pumzi ndefu, nilimwona mabega yanapanda na kushuka, ndipo akaanza kutembea. Gari lilikaa likimwangalia, dereva hakuondoa mpaka akapotelea kwenye migomba. Mpaka leo sijui ilikuwaje huko alikokwenda, na ni zaidi ya miaka kumi.

#3 Mgeni wa Ziwa

Kihamba samahani, mi mtu wa Mwanza, hilo jani la sale lina maana gani?

#4 Kihamba

Ni ule mmea wenye majani marefu membamba unaouona kwenye mipaka ya vihamba huku kwetu, Wachaga tunaupanda kugawa mashamba na pia kwenye makaburi ya wazee. Ukimkosea mtu kosa kubwa, la kugombania ardhi au la damu, unamwendea na jani la sale. Hiyo maana yake umekuja kuomba msamaha na umejishusha mpaka chini. Na yule aliyeletewa sale kwa mila hatakiwi kukataa, hata kama moyo unamuuma. Kwa hiyo ukimwona mtu mzima wa miaka sabini kavaa suti yake nzuri kuliko zote na ameshika lile jani, unajua anabeba nini. Ndo maana gari lilinyamaza.

#5 Konda Mstaafu

Oya nipisheni na mimi, nimepiga ukonda njia ya Arusha Usa mpaka Kikatiti miaka kumi na moja, sa hivi nina duka langu Sakina. Watu wanaona konda anaangalia hela tu. Sisi tulikuwa tunaangalia mikono. Mkono unatoka kwenye siti na nauli, uso hujauona, lakini mkono ushakwambia. Fundi ujenzi hela yake ina vumbi la simenti na ameikunja mara nne. Mama wa sokoni hela imefungwa kwenye pindo la kanga, anafungua kwa meno, inakuja ya moto kabisa. Mwanafunzi ana sarafu ameishika toka nyumbani imelowa jasho. Mtu anayetoka hospitali anakupa noti kubwa halafu hangoji chenji, sio kwamba ni tajiri, akili haipo pale, hao nilikuwa nawafuata mpaka chini nawapa chenji yao mkononi na kuwafunga vidole.

Siku moja Jumatano, siku ya soko Tengeru, gari limejaa mpaka mlangoni mimi nimening'inia, mkono ukatoka nyuma kabisa ukapita kwa watu kama sita wakipokezana nauli, ikanifikia. Nikauliza hii ya nani? Kila mtu aliyepokea akasema sio yangu nimepokea tu. Ilikuwa nauli kamili ya mtu mmoja. Nikahesabu vichwa mara mbili na wote walikuwa washalipa. Mpaka tunafika Usa hakuna aliyejitaja. Nahisi kuna mtu alimlipia mwenzake ambaye ameshalipa tayari, au mtu alishawahi kupanda gari langu akakosa nauli nikamsamehe na siku ile akarudisha kimyakimya. Ile hela sikuipeleka kwa tajiri wala sikuila, niliiweka kwenye dashibodi, na kila akipanda mtu amepungukiwa natoa pale. Ikazoeleka, abiria wengine wakawa wanaongezea wenyewe.

#6 Chalii wa Ngarenaro

Konda Mstaafu salute mwanangu, kumbe ilikuwa gari lako lile lenye hela ya dashibodi, nikiwa sekondari nishapandia hiyo hela zaidi ya mara mbili aisee. Asante sana.

#7 Dada wa Ngurdoto

Nashukuru kwa huu uzi. Mimi ni mzaliwa wa upande wa Maji ya Chai, jina lenyewe limetokana na ule mto, maji yake yana rangi ya chai. Maji ya huku chini ya Mlima Meru yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, na tuliokulia kwenye maji yale meno yetu ni ya kahawia, na wapo watoto ambao mpaka mifupa ya miguu imepinda. Wenyeji wote wa Arumeru wanajua. Wa nje wanadhani hatupigi mswaki.

Mi tangu niko msichana nacheka na mkono mdomoni. Sikumbuki nani alinifundisha. Sasa mwaka jana nikiwa kwenye Noah kutoka mjini, siti tatu za nyuma, mbele yetu kuna binti wa kama miaka kumi na tano na bibi ambaye hawajuani. Bibi anamsimulia habari ya mbuzi wake aliyeingia kanisani akala maua ya altare wakati wa ibada, na anaisimulia vizuri haswa, binti anacheka machozi yanamtoka, lakini kila akicheka anapeleka pindo la kanga mdomoni, linapanda linashuka. Nilimtazama nikajiona mimi.

Bibi akaona. Hakumwambia toa mkono wala hakumpa mahubiri. Alifika pale mbuzi alipogeuka kumtazama mchungaji, na yeye mwenyewe akacheka, akafungua mdomo wote, meno ya kahawia yaliyokoza kuliko yangu, mengine hayapo, akacheka hivyo amenyoosha shingo kuelekea kwa yule binti. Binti akasahau kanga. Ilidondoka mapajani na hakuiokota mpaka wanashuka.

Na mimi nyuma pale mkono wangu ulikuwa mapajani. Niligundua nimefika kituoni.

#8 Mama Masweta (mleta uzi)

Dada wa Ngurdoto mamaangu. Nimesoma hii nikiwa na mteja mbele yangu nikamwambia subiri kidogo. Jumamosi nitamsomea mdogo wangu hii yako kama umeridhia.

#9 Dada wa Ngurdoto

Nimeridhia, msomee.

#10 Mpiga Picha

Uzi mzuri, ila nina swali kwa mleta uzi. Siku hizi simu zina kamera nzuri, kwa nini ujitese kuandika? Ungepiga picha yule mtoto na kifaranga ingekaa milele na mdogo wako angeona mwenyewe.

#11 Mama Masweta (mleta uzi)

Swali zuri na nimeshalifikiria. Nilijaribu. Kuna mama mmoja Kikatiti alipanda na mche wa mgomba, kaufunga mizizi kwa gunia bichi na kaulaza mapajani kama mtoto mchanga, kichwa cha mche kwenye kiwiko, na kila baada ya muda anachovya vidole kwenye kopo la maji anarushia gunia. Nikatoa simu. Alivyoiona tu akabadilika, akaunyoosha mche wima, akakaa sawa, akaweka kilemba vizuri, akatazama mbele kama anapiga ya kitambulisho. Nilipiga, na ile picha ninayo, ni mama kakaa na mche. Kile nilichokiona hakimo. Tena nikaona nimemchukulia safari yake, alikuwa peke yake na mche wake nikamwingilia. Toka siku ile simu inakaa kwenye pochi.

Halafu ukipiga picha unaona umeshamaliza kazi, unaacha kutazama. Ukijua usiku utaandika inabidi uangalie vizuri, mkono upi, rangi gani, alisema nini kwanza. Mi nimeona tofauti yangu mwenyewe, nimeanza kuona hata sokoni, belo likifunguliwa siku hizi naona na watu walioinamia belo, zamani nilikuwa naona kola na mikono ya nguo tu.

Wewe mwenye kamera sikukatazi, ya kwako ni kazi nyingine na inahitaji jicho lake.

#12 Dereva wa Njiro

Mi nabeba watalii, kazi yangu ni kuwaonyesha wanyama na mlima na wote wanashukuru, lakini kinachonirudia usiku ni safari moja ambayo hata mbugani hatukufika. Bibi mmoja Mpolandi, mtu mzima sana, aliomba nimpeleke Tengeru tu, kwenye makaburi. Wengi hawajui kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili Tengeru ilikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Poland, walianza kuletwa mwaka 1942, wakafika kama elfu tano, wanawake na watoto ndo wengi, walikuwa wamepelekwa kwa nguvu Usovieti wakatoka huko wakazunguka mpaka huku kwetu. Vita ilipoisha wakaondoka kidogokidogo kwenda Uingereza, Kanada, Australia, na waliofia huku wana makaburi yao pale mpaka leo, yanatunzwa.

Yule bibi alitembea kwenye mistari anasoma. Akafika kwenye kaburi moja akapiga magoti, magoti yenyewe ya kuuma nikamshika. Kwenye maandishi kulikuwa na vumbi na matone ya udongo wa mvua. Akatoa kitambaa kwenye mfuko wa gauni, akakilowesha kwa mate, akaanza kufuta herufi moja moja. Nilishtuka kidogo, si kwa ubaya, ni kwamba vile alivyofanya, kitambaa, mate, kidole gumba, ndivyo bibi yangu Machame alivyokuwa ananifuta uso nje ya kanisa kila Jumapili. Vilevile kabisa. Nikasimama pale na shavu langu linakumbuka.

Kurudi garini hakusema lolote mpaka Kwa Mrefu, pale akauliza, kwa Kiswahili kilichovunjikavunjika ila Kiswahili, unaitwaje kijana? Kumbe alikuwa mtoto wa kambini.

#13 Mgeni wa Ziwa

Aisee, hapo nimesimamisha kazi.

#14 Mla Ndizi

Ya kwangu fupi ya Desemba. Mnajua ile safari ya Wachaga kupanda nyumbani Krismasi, mabasi yamejaa, foleni mpaka Himo, watu wanatoka Dar na mchele na sukari na magodoro juu ya keria. Tuliharibikiwa kabla ya Same usiku, basi la kampuni ambayo sitaitaja, masaa manne mazima tupo porini na wahudumu hawatupi maelezo, watu wamekasirika sana na walikuwa na haki. Kilichobaki kichwani sio hasira. Ni kwamba kulipoanza kupambazuka baba mmoja alishuka na mtoto wake wa Dar ambaye hajawahi kufika Kilimanjaro, akamwonyesha kwa mbali sana, kichwa cha mlima peke yake kimeelea juu ya ukungu, huoni chini yake kitu. Mtoto akauliza, baba bibi anakaa hapo juu? Baba akasema anakaa kidogo chini yake. Mtoto akapunga mkono. Baadaye kidogo naona na abiria wengine watatu wanne, watu wazima na makoti yao, wanapunga.

#15 Mzee wa Reli

Msisahau treni jamani. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, Arusha 1929, halafu treni ya abiria ikaja kupotea kwa zaidi ya miaka ishirini mpaka iliporudi Moshi 2019 na Arusha mwaka uliofuata. Nilipanda siku za mwanzomwanzo. Asubuhi tukiwa tunaitafuta Moshi watoto walikuwa wanakimbia pembeni kama kawaida ya watoto, lakini nilichokiandika moyoni ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anapalilia. Alisimama, akaweka jembe chini, akajifunga kanga upya kiunoni, akaikaza, akasimama wima mikono ubavuni mpaka mabehewa yote yakapita, kama mtu anayepokea mgeni aliyechelewa.

#16 Mama Masweta (mleta uzi)

Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu, samahani kwa ukimya, nilikuwa na mgeni. Mdogo wangu alikuja! Alipanda basi kutoka Songea na mtoto wake mgongoni, siku mbili njiani na usiku mmoja Dar. Nilimsomea yote ya humu, ya sale alitaka nirudie mara mbili, na ya Dada wa Ngurdoto alilia.

Alhamisi nikampeleka Kiboriloni. Nikamkatia siti ya dirishani kushoto, mapema kabisa, nimempangia kila kitu kichwani, mlima pale, babu pale. Mlima haukutoka. Asubuhi mawingu, mchana mawingu, jioni mawingu, yaani ametoka Songea na hakuona hata kipande. Nikawa naumia moyoni, namwambia samahani mdogo wangu, ananiambia dada mi sikuja kwa mlima. Kila kituo alikuwa anainamia mwanaye mgongoni anamwambia, hapa Maji ya Chai, hapa Kikatiti. Hakumwambia mtu kwa nini.

Usiku tumekaa jikoni nachambua masweta, yeye ananisaidia kukunja, nikamwambia haya na wewe leo umeona nini, maana kwenye daftari leo nataka niandike cha kwako. Akafikiri kidogo akasema, nimeona ukifika kule kwenye mteremko wa Kikafu unashika chuma cha siti ya mbele kwa mikono miwili, unaacha kuongea katikati ya sentensi, unashika mpaka gari linavuka daraja na kupanda ng'ambo, ndo unaachia na unamalizia sentensi palepale ulipoishia. Asubuhi umefanya. Jioni umefanya.

Nikamwambia sifanyi hivyo. Akasema dada unafanya.

Nikakumbuka. Mwaka wangu wa pili kwenye hii biashara, mvua za masika, gari nililopanda liliteleza pale kwenye mteremko likageuka likaziba njia, hakuna aliyekufa, tulishuka tukatembea kwenye matope mpaka juu na mizigo kichwani, nikafika Moshi nikanunua masweta kama kawaida maana siku ya soko haingoji. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nilidhani imeshapita.

Mdogo wangu akavuta kaunta buku akaligeuza nyuma, akaandika mwenyewe kwa mwandiko wake, tarehe, na chini yake, Kikafu, mikono miwili. Nilipofungua leo asubuhi niandike mauzo nikakuta zimebaki karatasi mbili tu katikati.